Solomon Plaatje na Gazeti Lake la Mafeking

Siku moja mtoto wa mwaka wa pili aliniuliza juu ya nini gazeti letu linatoka mara moja kwa mwezi, halafu linanyamaza miezi miwili, kisha linatoka tena. Jibu si refu. Stensili ina bei, wino una bei, na wengi wetu tunapenda kusoma gazeti la jirani kuliko kutoa feza kwa letu wenyewe. Basi nikakumbuka habari za mtu mmoja wa Afrika ya Kusini, ambaye taabu hiyo hiyo ilimfuata tangu ujana wake mpaka kaburini. Jina lake Solomon Tshekisho Plaatje. Wengi wanamjua kwa sababu ya vitabu vyake na siasa yake. Mimi nataka kuwaeleza zaidi habari za gazeti lake la kila juma, lililoitwa Koranta ea Becoana, ndiyo kusema Gazeti la Wabechuana.

Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876, katika shamba la Doornfontein karibu na Boshof, nchi iliyokuwa chini ya Waburu, nayo iliitwa Orange Free State. Wazazi wake walikuwa Warolong, watu wa kabila moja la Wabechuana, tena walikuwa Wakristo. Kijana alikomalia Pniel, misioni ya Wajerumani wa Berlin kando ya mto Vaal. Huko alichunga mifugo kama watoto wote, na huko akasoma. Masomo yenyewe yalikuwa ya primeri tu, hayakupita pale. Lakini mchungaji Westphal na hasa mama mke wake waliona kwamba mtoto huyu anashika mambo upesi. Mama Westphal akamfundisha nje ya saa za masomo: Kiingereza, kuimba, na kupiga fidla. Baadaye wakamfanya msaidizi wa mwalimu. Ninyi mnaosoma mwaka wa tano na wa sita, mmekwisha kukaa kwenye benchi miaka mingi kuliko yeye.

Mwaka 1894 akaenda Kimberley, mji wa almasi, akatumika posta. Kazi yake ilikuwa kupeleka telegramu nyumba kwa nyumba. Jioni alikaa na vijana wengine waafrika waliojua kusoma. Walikuwa na chama chao cha kusoma vitabu na kushindana kwa maneno. Huko Kimberley aliona kwa mara ya kwanza mchezo wa Shakespeare, akampenda mwandishi huyo maisha yake yote. Huko pia alimpenda Elizabeth M'belle, dada wa kalani mmoja rafiki yake. Elizabeth hakuwa Mbechuana, alikuwa wa watu wanaosema Kixhosa. Kwanza hakuna mmoja aliyejua vizuri lugha ya mwenzake, basi wakaandikiana barua kwa Kiingereza. Wazazi pande zote mbili walikasirika sana. Walifunga ndoa Januari 1898 hata hivyo, na wazee walichukua muda kabla ya kutuliza moyo.

Mwaka ule ule serikali ilimtuma Mafeking kuwa mkalimani wa tribinali. Sasa nieleze Mafeking ilikuwa wapi, maana bila hivyo habari yote haitaeleweka. Ulikuwa mji mdogo kaskazini mwa koloni ya Waingereza ya Cape, karibu na mpaka wa Transvaal ya Waburu. Reli ya kutoka Cape ilipita pale kwenda Bulawayo. Ndiyo reli ile iliyoendelea kupanda mpaka ikafika kwetu Elisabethville mwaka 1910. Kando ya mji wa wazungu kulikuwa na mji wa Warolong, mkubwa kuliko ule wa wazungu. Pale ndipo alipokaa Plaatje.

Mwezi wa Oktoba 1899 vita vikaanza kati ya Waingereza na Waburu. Waburu waliuzunguka Mafeking siku 217. Mkubwa wa majeshi ndani ya mji alikuwa Baden-Powell, yule aliyeanzisha skuti baadaye. Vitabu vya zamani vinamsifu yeye na wazungu wake, na mtu akivisoma anafikiri waafrika hawakuwako. Kumbe walikuwako kwa maelfu. Walilinda sehemu yao ya mji, walipita usiku kati ya Waburu kupeleka barua, na njaa iliwashika wao kwanza, kwa maana posho ilikatwa kwao zaidi kuliko kwa wazungu. Wengi walikufa. Plaatje alikuwa akitafsiri mchana tribinalini, akiandika kwa mashine kazi za waandishi wa magazeti ya Uingereza, na usiku akaandika daftari yake mwenyewe ya mambo aliyoyaona. Hakumwambia mtu kwamba ni kitu cha maana. Tutarudi kwa daftari hiyo.

Katika siku zile za mizinga mzungu mmoja mwenye mashine ya kupiga chapa, Bwana Whales, hakuacha kutoa karatasi ndogo ya habari za mji. Nafikiri ni hapo Plaatje alipoona kwa macho yake kwamba mji unaokosa chakula bado unataka gazeti.

Vita vilipokwisha Mafeking, Bwana Whales akaanza kupiga chapa ukurasa mmoja kwa lugha ya Setswana. Hiyo ilikuwa Aprili 1901. Wamisionari wa Kuruman walikuwa na gazeti la Setswana zamani, lakini lilikwisha kufa, na tena lilikuwa la wamisionari. Mwaka ule ule mzee mmoja Mrolong, Silas Molema, akalinunua lile gazeti changa. Molema alikuwa wa jamaa ya kisultani, Mmethodisti, aliyekuwa amesoma na kufundisha. Akawa mwenye gazeti. Ilibaki kupata mwandishi.

Plaatje alikuwa na kazi nzuri ya serikali. Alikuwa amefanya mtihani wa makalani wa koloni, na katika Kiholanzi na mashine ya kuandika alipita watahiniwa wote, pamoja na wazungu. Mtu wa namna hiyo, tungemwambia kwetu, angekaa kimya na kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini mshahara wake haukupandishwa kama wa wale aliowashinda. Mwaka 1902 akaacha kazi, akaingia katika gazeti. Molema akapata mashine yao wenyewe, na Agosti 1902 Koranta mpya ikatoka, nusu Setswana, nusu Kiingereza. Juu ya ukurasa waliweka neno la Wimbo ulio Bora, lile la mwanamke mweusi mwenye kupendeza. Wazungu wa mji waliosoma Biblia wakafahamu mara moja.

Kazi ilikuwaje? Herufi zilikuwa za risasi, kila moja kipande chake. Mpanga-herufi alisimama mbele ya sanduku, akachukua moja moja, akazipanga kinyume, maana chapa inageuza. Ukurasa mmoja ulikula saa nyingi. Wale vijana walipaswa kujifunza kazi pale pale. Tena lugha yenyewe ilileta ugomvi: kila misioni iliandika Setswana kwa namna yake, ya London njia hii, Wamethodisti njia ile, Wajerumani nyingine tena, na hawakuwauliza wenye lugha. Plaatje alishindana na jambo hilo tangu siku hizo mpaka kufa kwake. Aliona kwamba lugha isiyoandikwa vizuri na watu wake itaandikwa vibaya na wageni, halafu watoto wataona haya kuisoma.

Ndani ya gazeti mtu alikuta habari za arusi na vifo, bei ya nafaka, barua za wasomaji, mambo ya tribinali, na mambo ya serikali yakielezwa kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kiingereza Plaatje aliandika maneno aliyotaka wazungu wayasome. Hapo lazima tujue kwamba katika koloni ya Cape mwafrika mwenye kusoma na mwenye mali ya kiasi fulani alikuwa na haki ya kupiga kura. Katika Transvaal na Orange Free State hakuwa nayo hata kidogo. Waafrika wengi waliwasaidia Waingereza katika vita wakitumaini kwamba wakishinda haki ya Cape itafika kote. Amani ikafanywa Mei 1902, na katika mapatano Waingereza wakawaahidia Waburu kwamba jambo la kura ya waafrika halitaguswa kwanza. Koranta ikaanza kusema wakati huo huo. Plaatje alieleza kwamba hatafuti kukaa mezani pa mzungu. Anachotaka ni sheria moja kwa wote. Mwaka 1904 tume kubwa ya serikali juu ya mambo ya waafrika ilipita Mafeking, naye akasimama mbele yake akajibu maswali yao.

Mimi naona alikosea katika jambo moja: aliwaamini Waingereza mno. Alifikiri ubaya uko Pretoria, na kwamba wakubwa wa London wakijulishwa tu watatengeneza. Imani hiyo ilimgharimu miaka mingi.

Sasa tuje kwa feza, maana ni hapo gazeti lilipougulia. Wasomaji walikuwa wametawanyika mbali, toka Kimberley mpaka ndani ya Bechuanaland, na wengi walipokea gazeti mwaka mzima bila kulipa. Ng'ombe wa nchi ile walikwisha kufa kwa wingi katika tauni ya 1896 na 1897, kisha vita vikaja, na baada ya vita biashara ikalala katika Afrika ya Kusini yote. Aliyekuwa akilipa kwa kuuza ng'ombe hakuwa na ng'ombe. Watu waliojua kusoma walikuwa wachache, na gazeti moja lilisomwa na kijiji kizima. Kwa mwandishi hiyo ni furaha, kwa mwenye kushika mfuko ni hasara. Wenye maduka, ambao ndio wanaolisha gazeti kwa matangazo yao, walikuwa wazungu, na si wote walipenda kutangaza katika gazeti linalowasema. Karatasi ilitoka mbali kwa treni, nayo ililipwa kabla.

Molema alikopa, akatoa katika mali yake, akakopa tena. Plaatje alimwandikia barua juu ya barua: wafanyakazi hawajalipwa, mdai fulani amekuja, karatasi imekwisha. Nyumbani kulikuwa na watoto, na mama Elizabeth alipaswa kupika pasipo kitu. Gazeti likakosa juma moja, likatoka. Likakosa majuma kadhaa, likatoka. Kabla ya mwaka 1910 lilikuwa limekufa kabisa. Hakuna serikali iliyolifunga. Lilikufa kwa madeni, na madeni hayakufa pamoja nalo.

Watu wengi wangeishia pale. Plaatje akahamia Kimberley, na katikati ya 1910 akaanza gazeti jingine, Tsala ea Becoana, Rafiki wa Wabechuana. Safari hii feza ilitoka kwa kikundi cha Warolong wenye mashamba huko Thaba Nchu. Mwaka 1912 likabadilishwa jina kuwa Tsala ea Batho, Rafiki wa Watu, kwa kuwa sasa alitaka kusema na makabila yote. Mapema mwaka huo, Januari, waafrika wa nchi nzima walikutana Bloemfontein wakaunda chama, ndicho kilichoitwa ANC baadaye. Mchungaji John Dube akawa mkubwa wa chama, na Plaatje akawa katibu wa kwanza.

Septemba ya mwaka ule akapata mtoto mwanamume, akamwita Johannes Gutenberg, jina la yule Mjerumani aliyetengeneza mashine ya kupiga chapa huko Ulaya. Mwanawe wa kwanza alikuwa amemwita St Leger, jina la mwanzilishi wa gazeti la Cape Times. Mtu anayewapa watoto wake majina ya watu wa magazeti, nyumba yake inajulikana. Mtoto Gutenberg hakuishi. Alikufa Januari 1914, na mwili wake mdogo ulizikwa Kimberley.

Katikati ya furaha ile na kilio kile ikaja sheria ya ardhi. Ilianza kufanya kazi tarehe 19 Juni 1913. Ilikataza mwafrika kununua au kukodi ardhi nje ya sehemu zilizotengwa, nazo zilikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi. Katika Orange Free State jamaa zilizolima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno ziliambiwa zichague: wawe watumishi, au waondoke na mifugo yao. Plaatje hakukaa katika biro akingoja habari. Alipanda kinga yake, yaani baiskeli, akaenda barabara za mashamba katika baridi ya Julai kuwaona wale waliofukuzwa. Alikuta watu wakizunguka na mbuzi na watoto, bila mahali pa kusimama, kwa kuwa kila shamba lina mwenyewe. Jamaa moja ilifiwa na mtoto njiani. Hawakuwa na ruhusa ya kuchimba kaburi popote, basi wakamzika usiku kwa siri katika ardhi ya mtu mwingine, wakaendelea na safari. Habari hiyo aliiandika baadaye katika kitabu chake, Native Life in South Africa. Kilitoka London mwaka 1916.

Kitabu kilitoka London kwa sababu Mei 1914 chama kilituma watu watano Uingereza kuomba mfalme aizuie sheria. Waziri wa makoloni hakuwafaa kitu. Agosti vita vikuu vikaanza, wenzake wakarudi, yeye akabaki mpaka 1917, akihutubia makanisani na katika vyumba vya mikutano, pengine kwa malipo ya chakula tu. Huku nyumbani Tsala ikabaki bila mwandishi na bila feza. Mwaka 1915 ikafa. Hilo likawa gazeti lake la pili kuzikwa, na yeye hakuwako kwenye maziko.

Safari ya pili nitaipita mbio. Mwaka 1919 alirudi Uingereza akaonana na waziri mkuu Lloyd George, halafu akaenda Canada na Marekani, akirudi nyumbani mwaka 1923. Binti yake Olive alikufa 1921 yeye akiwa mbali, na alikosa feza ya tikiti. Jambo moja la kufurahisha: mwaka 1923 huko London aliimba katika sahani ya gramafoni, na wimbo mmoja ulikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika. Hakuna sauti ya wimbo huo iliyoshikwa kabla ya ile. Aliporudi alileta mashine ya sinema, akazunguka vijijini kuwaonyesha watu picha za masomo ya weusi wa Marekani. Watoto walicheka na kushangaa, feza haikupatikana.

Hakupata tena gazeti lake mwenyewe la kudumu. Aliandika katika magazeti ya wengine kwa malipo madogo, na usiku akafanya kazi ya lugha. Tayari mwaka 1916 alikuwa ametoa kitabu cha mezali 732 za Setswana. Alitafsiri michezo ya Shakespeare kadhaa. Mmoja ulipigwa chapa 1930, na ule wa Julius Caesar ulitoka 1937 akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1930 pia kilitoka kitabu chake cha hadithi, Mhudi, alichokuwa amemaliza miaka kumi mbele bila kupata wa kukipiga chapa. Mwaka 1931 alipanda ile reli nayo ikamleta mpaka huku kwetu, Congo ya Wabelgiji, aangalie namna wafanyakazi waafrika wanavyotumika. Ningependa kumjua mzee aliyemwona akishuka treni Elisabethville: mtu mfupi, mwenye suti safi iliyochakaa, na karatasi mfukoni.

Mwaka uliofuata alikuwa Johannesburg kwa kazi za vitabu vyake, akashikwa na mapafu, akafa huko Pimville tarehe 19 Juni 1932. Ni tarehe ile ile ya sheria ya ardhi, miaka 19 kamili. Walimrudisha Kimberley wakamzika pale. Mwaka 2014 mji huo ulifunguliwa universite yenye jina lake.

Na ile daftari? Mwaka 1969 mchunguzi mmoja aliyekuwa akikaa na Warolong huko Mafeking alionyeshwa karatasi za zamani katika jamaa ya Molema. Ndani yake mlikuwa mwandiko wa Plaatje wa siku za mizinga, miaka 70 bila kusomwa. Ikapigwa chapa 1973, na tangu hapo hakuna anayeweza kueleza vita vile vya Mafeking bila kutaja waafrika. Karatasi nyingine za Molema na Plaatje zinalindwa katika universite ya Witwatersrand, Johannesburg. Mtu akizifungua anakuta barua za wasomaji, hesabu za gazeti, na zile barua nyingi ambamo mwandishi anamwomba mwenye gazeti feza kidogo ili toleo la juma lipate kutoka.